Maji Hupita, Viluwiluwi Hubaki

Kabla ya kumshika chura, lowesha mkono. Nalitanguliza hili, wanangu, maana huenda msisome mpaka mwisho, na likiwa ndilo neno pekee mtakaloondoka nalo, litatosha. Ngozi ya chura ni kinywa chake na ni pua yake. Hunywa kwayo, huvuta pumzi kwayo. Mkono mkavu humkwangua kama msasa. Mkono uliopakwa mafuta ya nazi, au marashi, au uliobaki na sabuni ya asubuhi, humnywesha yote hayo bila kumwomba ruhusa. Ndiyo sababu mimi, mwanamke wa Mahabibo, mtaa wa Mahajanga ambao watu hunukia uturi hata wakienda sokoni kununua mkaa, nilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kujipaka kitu siku za kazi. Mama yangu alilisikitikia hilo kuliko alivyosikitikia safari zangu.

"Echa," alikuwa akiniambia, "masista wamekusomesha miaka yote ile, ukatoka na cheti, ukaenda kuhesabu vyura?"

"Na viluwiluwi, mama."

"Hapo afadhali usingeongeza."

Koko, bibi yangu mzaa mama, hakunicheka. Yeye alikulia Unguja kabla ya kuolewa Mahajanga, na Kiswahili hiki ninachowaandikia nimekirithi kwake. Nje ya chumba chake sikukisikia sana. Mtaani tulisema Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na wakubwa wetu wakigombana waligombana kwa Kingazija. Koko aliamini kuwa sauti ya chura ni tasbihi. "Wahesabu," alisema, "lakini usiwakatize."

Basi sikuwakatiza. Hiyo ni nusu ya kazi. Unafika kijitoni, unatafuta jiwe, unakaa, unanyamaza. Mwanzoni wote wanajua upo, na kimya chao ni cha kukusengenya. Kisha mmoja anajaribu sauti, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Mwingine anajibu. Ukivumilia zaidi, unafika wakati wanapokusahau kabisa, na hapo utahisi kitu ambacho sijapata kukieleza vizuri kwa mtu yeyote: kwamba umetolewa duniani kwa muda, dunia inaendelea, na inapendeza.

Kazi yenyewe, ukiivua maneno makubwa, ilikuwa hivi. Kiwanda kiko kando ya kijito. Unahesabu walio juu ya kiwanda, unahesabu walio chini yake, unalinganisha. Nilifundishwa na Madamu Voahangy, mwalimu kutoka nyanda za juu, upande wa Antananarivo, ambako asubuhi huwa na baridi. Alikuja pwani na sweta lake la sufu na hakulivua, hata kisiwani Nosy Be, hata jua likiwa utosini. Alisema jasho ni lake na halimhusu mtu.

Kosa langu la kwanza lilimfanya acheke mpaka akakaa chini. Tulihitaji chupa za kuwasafirishia viluwiluwi wazima mpaka maabara ya Mahajanga. Chupa hazikuwepo. Mimi, kwa werevu wangu, nikazunguka kijiji cha Ambanoro, kisiwani kule, nikaomba chupa tupu kwa watu wanaokeneka mafuta ya langilangi, ua la marashi, nikaziosha mara moja, nikazijaza. Tukavuka bahari hadi Ankify, tukapanda gari, tukasafiri siku mbili kwenye vumbi. Maabara ilipofunguliwa, viluwiluwi wote walikuwa wamekufa, na chumba kizima kilinukia kama chumba cha bibi harusi.

"Echa," Madamu alisema huku akijifuta machozi kwa ncha ya sweta, "umewaua mashahidi wangu kwa manukato."

Toka siku hiyo nilisuuza kila chupa mara tatu, kwa maji ya kijito kile kile ninamochota. Mara ya kwanza unaondoa yaliyopita, mara ya pili unaondoa shaka, mara ya tatu unaizoesha chupa. Kwangu haikuwa ngumu kukumbuka. Nilitia udhu mara tano kwa siku, mkono wangu ulijua kuhesabu tatu.

Yako mengine madogo. Simama ukiielekea chemchemi, ili tope la miguu yako lishuke nyuma yako, lisiingie katika chujio. Tumia chujio la chai la matundu madogo. Zile nyavu zilizotoka ng'ambo zilikuwa nzuri lakini zilivuliwa samaki na majirani zetu. Na usipoona kitu, andika sifuri. Nililijua vizuri hili miaka mingi baadaye, Mahajanga, kwenye mfereji mmoja uliopita nyuma ya kiwanda cha sabuni ambacho sasa kimefungwa. Tulihesabu pale mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka hesabu ilipungua, mpaka asubuhi moja nikakaa juu ya tofali langu nikasubiri kusahauliwa, na hakukuwa na mtu wa kunisahau. Mwenzangu kijana aliacha nafasi tupu kwenye daftari. Nikamwambia ajaze. Nafasi tupu maana yake hukwenda. Sifuri maana yake ulikwenda, ulikaa, na hawakuwepo. Pale hatukuokoa kitu. Tuliacha sifuri iliyoandikwa vizuri, basi.

Lakini hadithi ninayotaka mwende nayo ni ya Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa bado sijui kitu na nikidhani najua.

Mahabibo wakati ule ilikuwa na milango mingi iliyofungwa. Jamaa zetu wengi wenye asili ya Ngazija walikuwa wameondoka baada ya ghasia zilizowalenga mjini, na mimi nilipopata kazi kisiwani kwa Madamu niliishukuru kama mtu aliyetolewa katika chumba chenye moshi. Nililala kwa mjomba wangu Ambanoro. Juu kidogo, ndani, kilikuwepo kiwanda cha kukeneka mafuta ya langilangi, na kando yake kijito kilichoshuka kati ya mawe meusi hadi baharini. Mitungi ya shaba ilikuwa imeongezwa, na banda jipya limejengwa la kuioshea kwa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni.

Mmoja wa wachumaji wa maua aliitwa Zaina. Wote tulimwita Mama Zaina, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. Alikuwa amesema, mbele ya watu, kwamba chini ya kiwanda vyura wamenyamaza, na watoto wakioga pale wanawashwa ngozi. Meneja alimwondoa kazini siku hiyo hiyo. Maneno yake kila mtu aliyakumbuka: "Serikali itapima maji. Wakiyakuta mabaya, nitakurudisha mbele ya watu wote hawa. Wakiyakuta mazuri, wewe ni mwongo, na usikanyage tena chini ya mlangilangi wangu." Na milangilangi yote ya upande ule ilikuwa yake.

Serikali, wanangu, ilikuwa Madamu mwenye sweta, na mimi mwenye chujio la chai.

Tulichagua kwenda Jumanne. Sababu ilikuwa rahisi: Jumanne wanawake waliotusaidia walikuwa na nafasi. Siku nyingine ungewatafuta huku na huku, hawapo. Jumanne walikuja wenyewe, wakicheka, na Mama Zaina pamoja nao, maana hata shamba lake la muhogo hakulilima siku hiyo. Yeye ndiye aliyebeba beseni letu kubwa kichwani, bila kulishika, akishuka kwenye mawe yanayoteleza kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake.

Nilizipenda Jumanne zile. Kijito kilikuwa kimetulia. Miti ya langilangi, ambayo hukatwa vilele ili ibaki mifupi na kupinda, ilisimama kwenye ukungu kama wazee waliochoka kucheza. Maua hayakuwa yamechumwa, na harufu yake ilishuka juu yetu taratibu mpaka ukaona usingizi. Nilitia kipimajoto majini, juu ya kiwanda na chini ya kiwanda: baridi ile ile. Nilichovya karatasi ya kupimia ukali: rangi ile ile. Miezi kadhaa, Jumanne kwa Jumanne, maji hayakuwa na neno la kusema.

Viluwiluwi walikuwa nalo. Juu ya kiwanda walijaa, wanene, weusi. Chini walikuwa wachache, tena wembamba. Nilimweka mmoja chini ya lenzi. Lazima mjue kwamba kiluwiluwi mzima ana safu za meno meusi madogo sana, kama kitana cha mwanasesere, na kwa hayo hukwangua ukoga juu ya mawe. Huyu hakuwa nayo. Midomo yake ilikuwa myeupe, mitupu. Alikuwa akifa njaa juu ya jiwe lililojaa chakula.

"Madamu, huyu hana meno."

Alitazama kwa muda mrefu. "Andika," alisema.

Nikaandika. Lakini ulipofika wakati wa ripoti, maji yalikuwa na safu nzima za namba, na viluwiluwi walikuwa na mstari mmoja. Madamu akaandika kwamba maji hayana kasoro, na kwamba upungufu wa viluwiluwi huenda umetokana na samaki au majira. Nilitia sahihi chini ya sahihi yake. Nakumbuka nilijivunia mwandiko wangu.

Ripoti ilisomwa Jumanne, kwenye kibanda cha soko cha Ambanoro. Karani wa wilaya aliisoma kwa Kifaransa, kisha akaifupisha kwa Kisakalava, Kimalagasi cha pwani ile: maji mazuri. Meneja akasimama.

"Mmesikia wenyewe. Zaina, umesikia?"

"Nimesikia kwamba yamepimwa," alisema Mama Zaina. Kisha akanigeukia. "Echa, maji mlichota siku gani?"

"Jumanne."

"Na siku gani nyingine?"

"Jumanne tu. Kila Jumanne."

Mchumaji mmoja mzee aliguna, mwingine akapiga paja, na kicheko kikapita kibandani kama mvua inayokuja juu ya mabati.

"Jumanne! Wamepima joto la chungu kilichoipuliwa!"

"Ni kama kuja arusini keshokutwa yake, ukasema hapa hakukupikwa wali!"

Mimi na Madamu tulitazamana. Sisi tu ndio tuliokuwa hatujui. Jumanne, upande ule, ni fady, yaani ni mwiko: hakuna anayegusa ardhi kwa jembe, na wachumaji wa kiwanda kile hawakuyagusa maua pia. Maua yasipochumwa, mitungi haiwashwi. Isipowashwa, haioshwi. Moto uliachwa ufe Jumatatu, na mfereji unaotoa maji ya kiwanda ukakauka mpaka Jumatano. Madamu alitoka nchi ya juu, ambako kijiji chao kilikuwa na siku zake nyingine za mwiko. Mimi nilitoka mtaa wa Waislamu mjini, siku yangu ni Ijumaa, na za watu wengine sikuwahi kuziuliza. Tuliona tu kwamba wasaidizi wanapatikana. Hatukujiuliza kwa nini wanapatikana.

"Mbona hamkutuambia?" nilimuuliza yule mzee.

"Tukuambie nini, dada? Tulidhani mnaheshimu fady. Tulisema, tazama wageni hawa, wana adabu."

Wakacheka tena. Mama Zaina hakucheka.

"Mimi nilidhani Jumanne mnakuja kwa ajili ya vyura," alisema polepole, "na maji mnachota siku zile niko shambani. Nilikubebea beseni, Echa. Kwa kichwa changu mwenyewe nimebeba beseni la kuniitia mwongo."

 

"Ripoti imesomwa," meneja alisema, akivaa kofia yake. "Ina muhuri."

Tulirudi kwa miguu mimi na Madamu. Mahali fulani kati ya soko na nyumba ya mjomba, alisimama, akavua lile sweta, akalikunja, akalitia kwapani. Mikono yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyofikiri.

"Nimewafundisha watu kusuuza chupa mara tatu," alisema, "na sikuwahi kuuliza leo ni siku gani." Akatembea hatua chache. "Kesho ni Jumatano?"

"Jumatano, Madamu."

"Mwambie yule mama. Akikubali kutusamehe, aje. Asipokubali, aje pia, tunamhitaji."

Alikuja. Hakutusalimu, lakini alikuja, na beseni akalichukua kichwani. Wachumaji walikuwa wamekwisha kupanda na kushuka mitini tangu alfajiri, vikapu vimejaa maua ya manjano yaliyolegea kama vidole vya mtu aliyelala. Moshi ulilala juu ya paa. Tulipopinda kufika chini ya kiwanda, niliona ukungu umetanda juu ya kijito, mweupe, laini, ukipanda kati ya mawe na kuingia majanini, na jua limeutoboa hapa na pale. Kwa muda mfupi niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kisiwani. Kulinukia arusi. Niliinama kusuuza chupa yangu.

Nikautoa mkono nikilia. Haukuwa ukungu, ulikuwa mvuke.

Karatasi ya kupimia iligeuka buluu nzito mara tu ilipogusa maji. Povu lilipita kati ya miguu yetu. Mama Zaina alituongoza kando, chini ya mizizi ya mti mmoja, ambako maji baridi yalichuruzika kutoka ardhini na kufanya kidimbwi kisichozidi mkeka wa kuswalia. Viluwiluwi wote waliobaki wa sehemu ile walikuwa wamejibana humo, wamepangana kichwa kwa kichwa. Wakisubiri, nadhani, Jumanne.

Hapo ndipo nilipolielewa somo ambalo lenzi ilikuwa imeshanionyesha, nikaliandika kwa mwandiko mzuri nisilielewe. Maji hupita, viluwiluwi hubaki. Maji hukuambia habari za saa hii tu. Kiluwiluwi hawezi kwenda popote siku mbaya, kwa hiyo mwili wake umeandika wiki nzima. Maji na viumbe wakipingana, wanangu, waaminini viumbe, kisha mwulizeni mwenyeji mmekuja siku gani.

Nitawaambia mapema ili msikae roho juu: dimbwi la kupozea na kutuliza maji lilichimbwa, si mwaka ule bali uliofuata, na walilichimba vibaya, wakalichimba tena. Vyura walirudi, si wote. Aina moja ndogo yenye mstari wa dhahabu mbavuni sikuiona tena chini ya kiwanda, na kila mwaka niliiandikia sifuri yake. Madamu aliulipia ukweli ule. Mkubwa wetu aliyeipiga muhuri ripoti ya kwanza hakupenda kuambiwa kwamba muhuri umekosea, na baada ya muda akamhamishia ofisini, kwenye makabati, mbali na vijito. Alijua litakuwa hivyo wakati akiandika. Mstari wa kwanza wa ripoti ya pili aliuandika mara nne, na kila mara maneno yalipungua.

Tulichota maji Jumatano, Alhamisi, Ijumaa kabla ya swala, Jumamosi. Wiki kwa wiki. Katika wiki ya pili Mama Zaina alianza kunisalimu. Katika ya tatu alinitania kwamba nachutama kama chura mwenye mimba. Muhogo wake ulimea magugu.

Ripoti ilipokamilika, tulienda tena kwenye kibanda cha soko, Jumanne, ili wote wawepo. Karani alikataa kuisoma. Alisema yeye husoma yenye muhuri tu. Madamu hakubishana naye. Alizichukua karatasi mezani akanipa mimi.

"Soma wewe. Na usisome kwa Kifaransa."

Nikasimama. Kisakalava changu kilikuwa cha Mahajanga, na kuna waliotabasamu. Meneja alikuwa nyuma, amesimama, kofia mkononi. Nikasoma mstari wa kwanza, ambao Madamu aliuandika mara nne: "Sisi wapimaji wawili tulikosea. Zaina, mchumaji wa langilangi wa Ambanoro, alisema kweli kabla yetu."

Nikaendelea: joto, kostiki, povu, meno. Nilisoma mpaka mwisho na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, watu waligeuka kumtazama meneja, maana walikumbuka ahadi yake kama nilivyoikumbuka mimi. Alizungusha kofia vidoleni, mara moja, mara ya pili.

"Haya," alisema. "Kesho aje kazini."

"Hilo la kesho ni la kesho," alisema Mama Zaina. Hakumtazama. Alikuwa amesogea mpaka mbele, karibu sana nami, akizitazama karatasi zilizokuwa mkononi mwangu, ingawa hakujua kusoma. Akaweka kidole juu ya ukurasa, mahali si penyewe, nami nikakihamisha taratibu mpaka juu ya mstari wa kwanza.

"Soma tena, Echa," alisema. "Hapo penye jina langu. Soma kwa sauti."

Nikasoma tena.